Nilimfukuza Mama wa Bukavu, Dawa ya Mtoto Wake Iko Mkobani Mwangu

"Huyu anaigiza! Mtoto haumwi huyo! Mtoeni nje!"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi, Zulaikha. Niliyasema katikati ya famasi iliyojaa watu, kidole changu kimemnyooshea mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Mlinzi akamshika mkono, akamtoa.

 Mama aligeuka tu akaniangalia... halafu akaangalia mkoba wangu.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na dawa ya mwisho ya malaria ya watoto. Ilikuwa mikononi mwangu, na mimi sikuwa na mgonjwa!

Jamani, najua komenti zinakuja. Nisomeni kwanza mpaka chini. Mkimaliza nitukaneni, sitamfungia mtu.

Hapa Kamembe, Rwanda, ng'ambo ya Bukavu, majirani wanajua nauza vitenge. Hata mama mkwe wangu anajua hivyo. Ukweli ni kwamba nina kazi ya pili... mimi ni mteja wa siri.

Yaani mwenye hoteli au duka anataka kujua wafanyakazi wake wanaishije na wateja yeye akiwa hayupo. Analipa ofisi, ofisi inanituma mimi. Naingia kama mteja wa kawaida, nalalamika kidogo, nasumbua kidogo, natoka. Kisha naeleza nilichoona.

Bosi wangu anaitwa Thacienne. Mama mkali, haongei mara mbili.

"Ukiingia, angalia saa ya ukutani," alitufundisha. "Uliza jina la anayekuhudumia. Usitoke bila risiti. Na usijitambulishe hata nyumba ikiungua!"

Kulikuwa na jambo jingine lililotunyima usingizi. Thacienne hutuma watu wawili mahali pamoja bila kuwaambia mwenzao ni nani. Mwenzetu mmoja alishawahi kumhurumia ombaomba kwenye hoteli, akampa kila kitu alichotakiwa kurudisha ofisini. Kumbe ombaomba yule alitumwa kumpima yeye! Akapoteza kazi.

Nikaapa kwamba mimi hawanipati. Wallahi, mimi mtoto wa mjini!

Sasa wiki hii mnajua hali ilivyo. Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Bukavu watu wamefunga mizigo, wengine wanavuka daraja la Rusizi na magodoro kichwani. Thacienne akanipigia.

"Zulaikha, kuna famasi imetangaza kwamba mama aliyekimbia vita atapewa dawa ya mtoto bure. Mwenyewe anataka kujua kama wanatoa kweli au wanatukana watu. Wewe utakuwa mkimbizi. Na mtakuwa wawili."

Nikafungua vitenge vyangu, nikatafuta kile kilichopauka kabisa. Nikavua viatu, nikavaa kandambili za mwanangu wa kiume. Vumbi kidogo miguuni. Nikajitazama kwenye kioo, nikacheka peke yangu.

Nilicheka, jamani. Watu wanakimbia risasi, mimi nacheka.

Kwenye famasi nilimkuta dada mmoja nyuma ya kaunta. Nikatupia jicho saa ya ukutani, nikauliza jina lake.

"Patricie," akajibu. "Karibu, maman."

Nikaanza kulia. Machozi yangu yako karibu, nikiyaita yanakuja.

"Maman Patricie, tumekimbia vita... Twahiru wangu iko kule kambini Nyagatare, analala chini na homa. Tangu juzi hakuli kitu. Sina hata feza ya chumvi!"

Twahiru ni mwanangu wa kweli. Saa ile alikuwa nyumbani anapiga mpira, mzima kama chuma. Nilihitaji jina la haraka, nikalitoa lake. Astaghfirullah.

Patricie naye, nilikuja kujua baadaye, amekulia Uvira kule Kongo, vita anavijua. Alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Una bahati, maman. Dawa ya batoto imebakia hii moja. Hata ya kuuza imeisha, batu ba Bukavu bamenunua yote."

Akanipa. Akanieleza mara mbili jinsi ya kumnywesha. Nikatia mkobani, moyoni namsifu: huyu dada ni mzuri, nitamsemea vizuri ofisini.

Nilikuwa nageuka kuondoka ndipo yule mama akaingia.

Alikuwa mwembamba, mtoto mgongoni kichwa kimelala upande. Kitu cha kwanza alichofanya... aliangalia saa ya ukutani!

Nikasimama.

"Jina yako ni nani, maman?" akamuuliza Patricie.

Moyo ukapiga pa!

"Patricie. Nikusaidie nini?"

"Mutoto anaungua moto. Bukavu bafamasi bote bamefunga, benyewe bamekimbia. Unipatie dawa... na unipatie na facture."

Risiti! Nani duniani anaomba risiti ya dawa ya bure?

Basi nikajua. Huyu ndiye wa pili! Ameangalia saa, ameuliza jina, ameomba risiti. Somo la Thacienne lote, tena bila hata kulificha. Nikatamani kucheka.

"Pole, maman," Patricie akasema kwa huzuni. "Ya mwisho nimemupa huyu mama mwenzako."

Yule mama akanigeukia. Akanishika kiwiko.

"Maman, tugawane basi. Unipatie tu vidonge bya leo. Kesho Mungu atajua."

Hapo nikaona mtego waziwazi. Ananipima! Nikitoa tu dawa, kazi imekwisha. Nikamsogelea sikioni.

"Dada, umeigiza vizuri. Ila kwangu umegonga mwamba."

"Unasema nini, maman?"

"Nimesema nimekujua."

"Maman, angalia mutoto... Cirhuza, Cirhuza wangu, amuka uonyeshe maman..."

Mtoto hakuamka. Nami nikawaza, hata mtoto amemfundisha! Na huyu mama hakuniachia kiwiko. Watu wakaanza kunitazama kwa jicho baya, kwamba mkimbizi gani huyu hana huruma. Nikapandwa na hasira, na kiburi kikapanda juu ya hasira.

Ndipo nikanyoosha kidole na kusema yale niliyowaambia mwanzo.

Patricie akasita. Angeweza kunipuuza. Lakini nyuma yetu kwenye foleni kulikuwa na mzee mmoja wa suti, miwani, kofia safi, mtu wa kuheshimika kabisa. Mzee yule akakohoa.

"Mama huyu anasema kweli," akasema. "Hata mimi nimeona. Yule mwingine anaigiza."

Mzee wa suti akisema, nani atabisha? Mlinzi akamtoa mama nje.

Nikatoka na mimi, kichwa juu. Nikapita mbele ya mama mmoja anayeuza samaki wadogo wa sambaza pembeni ya mlango, hata sikumsalimia.

"Maman! Maman ya Twahiru!"

Ni yule mzee wa suti, ananifuata mbio. Ana mkate mkononi.

"Naitwa Cassien. Kamata huu mukate, umupelekee mutoto. Mimi pia nilikulia Bukavu, najua kukimbia ni nini."

Nikaupokea. Ulikuwa bado wa moto. Hapo aibu ilianza kunitambaa kidogo, lakini nikaikanyaga.

"Unisaidie kitu kimoja," akaendelea kwa sauti ya chini. "Ulijuaje kama yule mama anaigiza?"

Kazi nimemaliza, nani atajua? Nikavimba kichwa.

"Mzee wangu, yule katumwa na mama mmoja anaitwa Thacienne. Wanapima watu."

Mzee Cassien akavua miwani. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Thacienne?"

"Eeh."

"Hapana, maman... Wa Thacienne ni mimi."



"Unasema?"

"Nimetumwa na Thacienne. Aliniambia tutakuwa wawili. Uliposema yule anaigiza, nikajua yule mama njo mwenzangu, amejisahau. Nikaona nimalize muchezo."

"Mzee... wa pili ni mimi."

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kitenge. Akaangalia mkate.

"Wewe? Hauna mutoto mugonjwa?"

 Nilitikisa kichwa tu.

Tukabaki tumesimama kando ya barabara, waongo wawili na mkate katikati yetu. Katika ugomvi ule wa famasi tulikuwa watatu. Mkweli alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemfukuza!

"Amekwenda wapi?" nikapiga kelele. "Yule mama amekwenda wapi?"

Muuza sambaza akanijibu bila kuniangalia.

"Ameshuka kwa barrière, pale mpakani. Ameacha batoto bengine ng'ambo na nyanya yao, anaogopa bafunge mpaka yeye iko huku. Kutwa nzima anauliza saa."

Saa...

"Na facture? Mbona aliomba facture?"

"Mimi njo nilimwambia! Dawa bila karatasi banakunyang'anya kwa mpaka. Wewe haujui? Si unasema unatoka ng'ambo?"

Nilimrudishia mzee mkate wake, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Kutoka Kamembe kushuka Cyangugu mpakani ni kona juu ya kona, na kila kona nilimwambia motari, dereva wangu, aongeze mwendo. Nyuma yangu Mzee Cassien alikuwa anatafuta pikipiki yake, kofia imeanguka, hata hakuiokota.

Niliwakuta watu wamebanana kwenye kizuizi. Nikamwona. Alikuwa anammwagia mtoto maji ya chupa kichwani, na mtoto anatetemeka.

"Maman ya Cirhuza!"

Akageuka. Aliponiona alirudi nyuma, akamfunika mtoto kwa mikono yake.

"Sikuiba kitu, maman. Muniache nivuke."

Alidhani nimekuja kumkamatisha! Nikatoa dawa.

"Kamata. Ni yako. Yote."

Akaiangalia. Macho yake yalikuwa na njaa ya ile dawa, niliyaona. Lakini mkono haukutoka.

"Na Twahiru?"

"Nini?"

"Twahiru yako. Ulisema analala chini, tangu juzi hakuli. Nikikamata hii, yeye atakunywa nini?"

Jamani...

Nilikuwa nimemtukana na kumfanya atolewe nje mbele ya watu. Naye alikuwa amelishika jina la mwanangu.

"Kamata tu, maman, nakuomba!"

"Hapana. Mutoto ni mutoto. Tugawane, vile nilikuambia. Nipatie bya leo."

Kule mbele polisi walianza kuwahimiza watu, mpaka unafungwa. Nikaelewa kwamba hatachukua. Huyu mama atavuka na nusu ya dawa kwa ajili ya mgonjwa asiyekuwepo. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfanya achukue yote, na njia hiyo ilipita juu ya uso wangu.

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Maman, Twahiru haumwi. Iko nyumbani anapiga mupira. Mimi sikukimbia vita. Niko mutu wa hapa Kamembe. Nililia machozi ya uongo... ni kazi yangu, nalipwa."

Watu waliokuwa karibu wakanigeukia. Mwanamke mwenye godoro kichwani alitema mate karibu na goti langu. Nilingoja kofi. Wallahi nililitamani, lingenipunguzia.

Yule mama aliinama, akanitazama usoni.

"Kumbe Twahiru iko muzima?"

"Muzima."

"Anakula?"

"Anakula."

Akashusha pumzi ndefu.

"Aksanti Mungu," akasema. "Nimemuwaza njia yote."

Ndipo akachukua dawa.

Akamnywesha Cirhuza hapo hapo, na nikamshikia kichwa. Kilikuwa moto kama sufuria. Mzee Cassien alifika anahema, akamwekea mama mkate na risiti mfukoni. Alikuwa amerudi kumwomba Patricie ile risiti. Alikuwa analia mzee wa watu.

Mama akafunga mtoto mgongoni vizuri. Halafu akaniuliza.

"Jina yako ni nani?"

Nikashtuka. Lile swali tena!

"Kwa nini unauliza majina ya batu, maman?"

"Mwenye kunisaidia namutaja mu sala. Nisipojua jina, nitamwambia Mungu nani?"

Nikamwambia, Zulaikha. Akalirudia taratibu mara mbili ili asilisahau. Kisha akavuka.

Kesho yake nilimweleza Thacienne kila kitu. Akaniambia nimejitambulisha, kwa hiyo kazi hakuna, mimi na mzee Cassien wote. Sikubisha. Nikaenda kwa Patricie kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Maman, nitakusamehe, ila si leo." Hata hilo sikubisha.

Kuna usemi kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia famasi ikaishia kwenye kizuizi. Somo langu ni hili, na halikunijia kwa kusoma: ukizoea kuigiza, unafika mahali machozi ya kweli unayaona maigizo. Na anayeumia siye wewe.

Lakini sikuandika haya ili mnipe pole. Nawaomba kitu. Wenzangu mlio Bukavu, mkimsikia mtoto Cirhuza aliyepata malaria wiki hii, niambieni kama amepona. Mama yake ni mwembamba, anaongea taratibu. Msaidieni, msimuulize mara mbili.

Mtaniuliza, huyo mama anaitwa nani tumtafute?

Hapo ndipo usingizi unaponikatikia. Yeye huko ananitaja kwa Mungu kwa jina langu. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuuliza majina ya watu... lake sikumuuliza.