Upande wa Nyuma wa Filamu

Boksi la filamu lilinukia mkaratusi. Anastazi alilinusa tena chini ya taa nyekundu, akaliweka chini. Majani ya mti huo ndiyo mkewe, Rozalia, aliyokuwa akijifukizia kifua hadi alipofariki mwaka juzi.

Ilikuwa 1995, na filamu za kawaida zilikuwa zimeadimika Ngara mjini. Nimpaye, karani aliyeandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani, alitaka picha arobaini za kubandikwa kwenye kambi ya wakimbizi Jumatatu. Mama asiyejua kusoma humtafuta mwanawe kwa sura. Kwa hiyo Anastazi alinunua sokoni boksi la filamu za eksirei, bei ya kutupa, limeviringishwa nailoni nyeusi. Hakulifungua mpaka alipoingia chumba cha giza, akazikata kwa mkasi zienee kwenye kamera yake ya sanduku.

Filamu hizo haziharibiwi na taa nyekundu, hivyo aliweza kuitazama sura ikichomoza kwenye dawa ya kusafishia picha. Ila zimepakwa utando wa kushika picha pande zote mbili.

Sura ya kwanza, ya mtoto wa miaka mitano, ilichomoza vizuri. Kisha upande wa nyuma zikachomoza mbavu.

Akatumbukiza ya pili, na ya tatu, na kila alipoigeuza mbavu zilikuwa pale, zikipanda na kushuka ndani ya trei kama za mtu anayetafuta pumzi, huku mkaratusi ukizidi kunukia na kikohozi kikavu, kile ambacho Rozalia alilala nacho miezi saba, kikitoka ndani ya boksi, si mlangoni wala barabarani, ndani ya boksi, mpaka nyuso za watoto zikamezwa na hakuna mama ambaye angemtambua mwanawe.

Nimpaye alipooneshwa, alirudi nyuma hadi ukutani.

"Mzee, huyu mwenye mbavu ana neno," alinong'ona. "Msikilize kabla ya Jumatatu."

Anastazi akatoka na kifuniko cha boksi juani. Wino mwekundu, ambao taa nyekundu ilikuwa imeuficha, ukajitokeza: mhuri wa stoo ya hospitali na tarehe ya kupokelewa. Ilikuwa wiki ileile ambayo Privatus, mtunza stoo, alimwambia Rozalia aliyeegemea bega la mumewe kwamba filamu hakuna, arudi mwezi ujao.

Alimwita Privatus apigwe picha ya bure. Akaja na tai, akitania kwamba leo mchoyo amelewa.

"Siku ile ya Rozalia," Anastazi aliuliza akiwa nyuma ya kamera, "filamu zilikuwepo?"

"Hazikuwepo, mzee. Mungu alimpenda zaidi."

Anastazi akafungua lenzi.

Kwenye dawa, upande wa nyuma ulibaki mtupu. Mbavu zilikuwa mbele safari hii, chini ya tai ya Privatus, zikipanda na kushuka. Akatumbukiza picha ya mtoto mwingine. Safi, pande zote mbili.

Anastazi alipotoka chumba cha giza, Privatus alikuwa ameshika kifua, akikohoa.

"Picha nifuate lini?"

"Rudi mwezi ujao," alisema Anastazi. "Filamu hakuna."

Kikohozi kiliteremka kilima hadi stendi. Boksi lilinukia karatasi tu.