Kipimo cha Lanty Rudd

Peggy aliweka kijiko chini, akamtazama baba yake.

"Baba, mbona alfajiri ulikuja kunipima miguu?"

Gideon Thwaite, mhunzi wa Askrow, alicheka. "Nikupime nikushonee nini? Mimi navalisha farasi, sivalishi wasichana."

"Mikono yako ilikuwa baridi," Peggy akasema, akarudia uji wake wa shayiri.

Hester, mke wa Gideon, hakucheka. Alipotandika kitanda cha mtoto alikuta blanketi linanuka lami, na nyumbani mwao hakuna aliyeshika lami.

Harufu ile Gideon aliijua. Majira ya baridi, mtu aitwaye Lanty Rudd alimvamia tarishi wa posta kwenye njia ya mlimani, akamfunga kwenye lango, akachana mifuko, akachukua noti na kuzimwaga barua matopeni. Wakubwa wa posta walipandwa na hasira za mkizi. Kumnyonga hakukuwatosha. Waliamuru maiti ipakwe lami, ivikwe kizimba cha chuma, ining'inizwe palepale alipoiba, ili kila mwenye kuitamani mifuko ya posta aione na ashike adabu.

Kizimba hutaka kipimo, na kipimo huchukuliwa mtu akiwa hai. Kwa hiyo Gideon alikwenda gerezani na kamba nyembamba. Alimpima Lanty vifundo vya miguu, magoti, kiuno, kifua, shingo, mwisho kichwa, na kila kipimo akakipigia fundo.

"Fundi," Lanty alimnong'oneza, "mama yangu ni mzee. Ribiti, ule msumari wa kubana chuma kiunoni, ilegeze kidogo, aje anishushe anizike."

"Tulia wewe!" Gideon akajibu kwa sauti, walinzi wasikie. "Koti langu halibani, wala halichakai."

Walinzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Lanty alimtazama tu, na Gideon akarudi nyumbani na kamba mfukoni, akafua kizimba, Lanty akaning'inizwa. Kwa kina Thwaite hakitupwi kitu.

Asubuhi ya pili Peggy alisema amepimwa magoti. Iliyofuata, kiuno. Uji ukamshinda, midomo ikaanza kumgeuka rangi, na kila akiguswa alikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Wazazi wakaamua kukesha naye. Hester alikaa ameushika mkono wa mtoto, Gideon akaegemea mlango na nyundo yake, na ukungu ulipoanza kung'aa dirishani wakasikia mnyororo ukilia barabarani, ukaipita karakana, ukapanda ngazi kidato kwa kidato, na mlango haukufunguka lakini lami ikanuka mpaka wakakohoa, kisha blanketi la Peggy likabonyea kifuani, upande huu, halafu upande ule, polepole, kwa uangalifu wa fundi anayeijua kazi yake, na mtoto, macho yakiwa wazi, akanong'ona, "Baba, amefika kifuani."

Gideon alirusha nyundo. Iligonga ukuta mtupu.

"Imebaki shingo na kichwa," alimwambia Hester. "Hivyo ni vipimo vyangu, mke wangu. Ndivyo ninavyopima mimi."

Jua halijapanda vizuri, Hester alikwishamleta Bibi Skelton, mganga ambaye kasisi humtukana Jumapili na kumwita Jumatatu ng'ombe wake akiugua. Bibi Skelton alimnusa mtoto, kisha akaukamata mshipi wa aproni ya Peggy.

"Nani kamfunga hii?"

"Mimi, Bibi," Hester akasema. "Niliikuta mfukoni kwa mume wangu. Kamba tu, bado nzuri."

"Nzuri! Mmemfunga mtoto kipimo cha mnyongwa, mkaita kubana matumizi!" Akamgeukia Gideon. "Na wewe usimsingizie Lanty. Lanty ni maiti. Anayekuja hapa ni jini lililompanda kule njiani. Mwili unaoza, linataka nyumba nyingine, na nyumba linayoijua ni ile iliyofuliwa kwa mkono wako."

"Nifanyeje, Bibi?"

"Mzike Lanty pamoja na kamba yake. Kizimba kizamishe kwenye kinamasi. Na usifue kingine, unanisikia? Ukifua kingine, litamtia mtu ndani."

"Anayemshusha mnyongwa anapelekwa ng'ambo kwa minyororo."

"Basi chagua," Bibi Skelton akasema, akaichukua shali yake.

Alfajiri yenye ukungu mzito Gideon alipanda mlimani. Alizifungua ribiti moja moja, akimwomba Lanty radhi kwa kila moja, na machozi yakimtoka bila kuona haya. Alimzika yeye na kamba chini ya vichaka, akakisukuma kizimba kwenye matope meusi mpaka kikamezwa. Siku hiyo Peggy aliomba uji mara mbili, na Hester akaimba jikoni.

Raha haikudumu. Bwana Pym wa posta alifika na askari, uso mwekundu.

"Watu wanakata noti vipande viwili!" alifoka. "Nusu wanatuma leo, nusu wiki ijayo, kwa kuogopa wezi wa barabarani! Na nyie mnaniibia maiti! Thwaite, nataka kizimba kingine leo hii. Kitaning'inia kitupu mpaka nipate wa kukijaza."

"Mheshimiwa, chuma kimeniishia."

"Fundi atakayekataa, nitajua ana sababu."

Gideon aliwasha moto. Alifua pete ya shingo, pana, ya dume la mtu, akaizamisha majini. Ilipotoka ilikuwa ndogo, vidole vyake vitano haviingii. Chuma hakinywei namna ile. Akaichoma upya, akaigonga, akaipanua, jasho likimtiririka, na ilipoingia majini mara ya pili karakana yote ikanuka lami, na kutoka ghorofani akasikia kikohozi, kisha Peggy akisema kwa sauti iliyobanwa, "Mama, ananishika shingo!"

Aliivunja pete vipande vipande. Akatoka uani, alikokaa Pym na bia yake.

"Mheshimiwa, sifui. Niliyemshusha Lanty ni mimi."

Pym aliweka kikombe chini. "Unajua unachokisema?"

"Najua. Kizimba hutakipata, na mkono huu haufui kingine."

Walimfunga pingu mikononi na miguuni, wakamkalisha kwenye mkokoteni. Hester alilishika lango kwa mikono miwili. Ndipo Peggy akatoka mbio, miguu mitupu, mashavu yamewiva.

"Baba! Ameniachia! Ameondoka!"

Gideon alicheka kwa furaha hadi askari wakadhani ameingiwa na wazimu.

Mkokoteni ulipanda mlima, ukaufikia mlingoti mtupu alikoning'inizwa Lanty. Hapo ukungu ulishuka, lami ikanuka, na kitu cha baridi kikapenya chini ya pingu, kikamzunguka kifundo cha mguu mara moja, kikatulia. Alitaka kupiga kelele. Kisha akafikiri jini lile limetoka kwa nani: kwa Peggy. Akakaza meno, akaunyoosha mguu, lipime vizuri.