Binti wa Guled Kwenye Simu

Simu ile haikuisha chaji. Siku ya kwanza Nafiso alifurahi, siku ya tatu akawasimulia wenzake sokoni, na siku ya sita, ile asilimia themanini na moja ikiwa bado imeganda palepale, akaanza kuitazama kwa jicho la pembeni. Lakini hebu niambie, nani huenda kwa sheikh kushtaki kwamba simu yake ni nzuri kupita kiasi?

Alikuwa muuza maziwa ya ngamia mjini Garissa, na biashara yake yote ilitegemea mdomo na sikio. Mumewe Dagane alichunga ngamia upande wa Masalani, na mvua ilipokosekana akawasogeza mpaka mahali ambapo laini ya zamani ya Nafiso haikushika hata kidogo. Kampuni nyingine ndiyo iliyokuwa na mnara huko. Basi Nafiso akahama, akasajili laini mpya, na simu yake kuukuu, yenye kioo kilichopasuka na betri iliyovimba, ikaikataa laini hiyo katakata.

Akazunguka madukani siku mbili. Alitaka simu isiyoogopa kuanguka, isiyokufa kwa vumbi wala kwa maziwa, yenye tochi, na bei isiyomtoa machozi. Za bei nafuu zilikuwa dhaifu kama ganda la yai. Zile ngumu zilikuwa na bei ya ndama. Mwishowe akaenda pale alipopaswa kwenda tangu mwanzo, kwa Fosia.

Fosia alikuwa binti wa baba yake mdogo. Walichunga mbuzi pamoja, walilala kwenye ngozi moja, na sasa Fosia alikuwa na duka la simu karibu na Soko Mugdi.

"Abaayo, dada yangu, hizo mpya za rahisi zitakufia kabla ya Idi," alisema. "Chukua hii. Imetumika kidogo tu. Tazama." Akaiangusha sakafuni mara mbili, kioo chini, isichubuke. Akaizamisha kwenye ndoo ya maji, akaitoa ikiwaka. "Na chaji yake inakaa, wallahi, mpaka utaichoka wewe."

"Mbona bei yake ndogo hivi?"

"Kwani wewe ni mteja? Wewe ni damu yangu."

Hakumtazama alipokuwa akisema hivyo. Alimtazama binti yake Habibo, aliyelala kwenye mkeka nyuma ya kaunta, macho wazi, hali wala hasemi tangu mwezi wa Ramadhani. Hospitali walishindwa kujua anaumwa nini. Ni Nafiso aliyekuwa akimletea maziwa kila asubuhi na kumnywesha kwa kijiko, akimbembeleza kama wake wa kumzaa.

"Kitu kimoja tu," Fosia akaongeza kwa sauti ya chini. "Akikupigia mtu wa kwetu, usimkatie. Ni aibu."

Kesho yake Habibo aliamka akaomba kula anjera. Nafiso alilia kwa furaha mbele ya watu, akamkumbatia Fosia, na Fosia akasimama mikono ikining'inia, asimkumbatie.

Ikafika siku ya saba, saa ya jua la utosi, mji mzima umelala na hata mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya kuta. Simu ikaita. Kwenye kioo hapakuwa na nambari wala jina. Nafiso alipoiweka sikioni, alisikia harufu kabla ya kusikia sauti: harufu ya udongo uliolowa mvua, na mvua haikuwa imegusa Garissa kwa miezi minane.

Aliyepiga alikuwa mwanamke mzee. Alisalimia kwa adabu, akauliza hali ya nyumba, ya mtoto, ya mifugo, kisha akauliza lile swali ambalo Msomali yeyote huulizwa na mgeni: "Wewe ni wa nani?"

Mtoto wa kwao hufundishwa majina ya babu zake kabla ya kufundishwa herufi. Nafiso akayataja bila kufikiri. "Nafiso wa Hanad, Hanad wa Ayanle, Ayanle wa Ahmednoor, Ahmednoor wa Samatar, Samatar wa Guled..."

"Simama hapo," sauti ikasema. "Guled alikuwa na binti."

Nafiso hakuwahi kumsikia. Lakini angemsikia wapi? Mlolongo ule hushika mtu na baba yake na baba wa baba yake, na mabinti wa juu huko hudondoka njiani, hakuna anayewataja.

"Mmeniruka," sauti ikaendelea, nyembamba sasa, karibu na kilio. "Kila mkihesabu mnaniruka. Mimi ni eeddo yenu, shangazi yenu, nimekaa nje muda mrefu. Nihesabu na mimi."

Mtu mwingine angepiga hesabu ya miaka tangu Guled azikwe, akaitupa simu kisimani. Nafiso alipiga hesabu ya heshima. Kumkana mtu wa ukoo mlangoni ni jambo la kusemwa vizazi vitatu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke, na ile habari ya kurukwa ilimchoma kidogo moyoni.

"Karibu, eeddo," alisema. "Wewe ni wa kwetu. Nyumba ni yako."

Simu ikanyamaza. Harufu haikuondoka.

Tangu siku hiyo maziwa yakawa yanaganda popote alipokaa Iftin, binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa. Kwanza Nafiso alilaumu joto. Kisha mtoto akaacha kula. Kisha akaacha kucheza na wenzake, na kila adhuhuri alikuwa akipotea, na kila alipotafutwa alipatikana uvunguni mwa kitanda, simu sikioni, akinong'ona.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Nafiso aliuliza siku moja, magoti sakafuni. Alikuwa ameizima simu ile asubuhi, akatoa laini na kuifunga kwenye pindo la shuka lake. Aliigusa. Laini ilikuwa palepale.

"Eeddo. Ananifundisha kuhesabu."

"Hebu hesabu nisikie."

Hapa Iftin alipaswa kuanza na Dagane baba yake, kama alivyoanza tangu akiwa na miaka minne. Akafumba macho. "Iftin wa Eeddo. Eeddo wa Guled."

"Na baba yako?"

"Baba gani?"

Nafiso aliichukua simu akaiweka juu ya jiwe na kuipiga kwa mchi mpaka mchi ukapasuka, na kioo kikabaki kinamwonyesha uso wake mwenyewe bila hata mkwaruzo, akaikimbiza mpaka daraja la Tana akaitupa katikati ya maji mekundu, akasimama akaiona ikizama, akarudi nyumbani mbio huku kandambili zikimvuka, na alipofungua mlango ile harufu ya udongo ikampokea, na simu ilikuwa juu ya mtungi wa maziwa, kavu, ina joto la mkono wa mtu, na asilimia themanini na moja.

Iftin alikaa kando yake ametulia. "Eeddo hajakasirika," alisema. "Anasema Habibo alikuwa analia sana. Mimi silii, ndiyo maana ananipenda zaidi."

Nafiso akaelewa jinsi Habibo alivyopona. Alikumbuka kijiko, alikumbuka asubuhi zile zote, alikumbuka mikono ya Fosia ikining'inia. Uchungu alioupata pale ulizidi hofu, na hofu ilikuwa kubwa.

Alimkuta Fosia dukani akipanga makasha ya chaja. Hakupiga kelele.

"Ulijua."

Fosia akafunga mlango wa duka mchana kweupe. "Ilikuja na simu kuukuu za mchuuzi nisiyemjua," alinong'ona. "Huyo eeddo alinipigia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamkaribisha kama ulivyomkaribisha. Kisha akamshika Habibo. Aliniambia atamwacha nikimletea mtoto mwingine wa damu ya Guled. Ningefanya nini, Nafiso? Alikuwa anakufa mbele yangu."

"Nilikuwa namnywesha, Fosia. Mimi. Kwa mkono huu."

"Najua."

"Ukanichagulia mwanangu."

Fosia akalia, akaapa kwa Mungu kwamba atamsaidia kumtoa, lolote litakalohitajika. Na Nafiso, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumshika mkono, akamwamini tena.

Maalim Mohamednoor, aliyefundisha watoto Kurani chuoni na kusomea wagonjwa, alikuja baada ya sala ya alasiri. Aliiweka simu ndani ya beseni tupu, akawasha ubani, akamkalisha Iftin kati ya wanawake wawili na kusoma kwa muda mrefu. Mtoto alisikiliza kwa upole, kama mwenyeji anayemvumilia mgeni msemaji.

"Huyu si wa kuondolewa kwa kisomo peke yake," Maalim alisema, akijifuta jasho. "Hakuvunja mlango. Mlimfungulia, mkampa ukoo. Jini aliyepewa ukoo ana haki ya mtu wa nyumbani mpaka wenye ukoo wamkane. Mlimkaribisha wawili, mtamkana wawili. Kila mmoja ataje babu zake mpaka Guled, kisha aseme Guled hakuwa na binti. Akibaki hata mmoja anayemkiri, basi ni wenu nyote. Mmenielewa?"

Wakaitikia.

Nafiso alitangulia. Alitaja majina yake moja moja, na alipofika kwa Guled akasema kwa nguvu zake zote, "Guled hakuwa na binti!" Iftin akashtuka. Akamgeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tatu macho yake yakamjua. "Hooyo," alimwita mama yake kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, yenye kiu. "Hooyo, nataka maji."

"Haraka," Maalim akamwambia Fosia. "Sema wewe."

"Fosia wa Dahir," Fosia akaanza. "Dahir wa Ayanle, Ayanle wa Ahmednoor, Ahmednoor wa Samatar..."

Simu ikawaka ndani ya beseni. Sauti ya yule mzee haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayekumbusha jambo dogo. "Fosia. Tuliahidiana. Ukinikana, ahadi imekufa, na kabla sijatoka duniani kwenu nitapitia kwa Habibo kumchukua."

"Anadanganya!" Maalim akapaza sauti. "Sema!"

Fosia alimtazama Iftin. Alimtazama Nafiso, aliyekuwa amemshika mkono na kuubana mpaka kucha zikazama.

"Samatar wa Guled," alisema. "Na Guled alikuwa na binti."

Akauvuta mkono wake, akaokota shuka lake, akatoka bila viatu. Nafiso aliita jina lake mara moja tu.

Macho ya Iftin yalikuwa yamekwisha kumfungia ndani tena yule mtoto aliyeomba maji. Akanyoosha shingo, akasema kwa adabu kubwa, "Asante, Fosia. Msalimie Habibo."

Maalim alisoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akakusanya vitabu vyake akilia bila kuficha. Alisema atarudi na wenzake baada ya Ijumaa. Nafiso alimsikia, lakini alikuwa akiangalia kifua cha mwanawe, jinsi kilivyopanda kidogo na kushuka kidogo, na akajua kwamba Ijumaa ilikuwa mbali mno.

"Una ndugu wengi, Nafiso," mtoto alisema polepole. "Wote wa damu moja. Na simu bado ni nzima."

Kwenye beseni, majina yalikuwa yakipanda yenyewe juu ya kioo, moja baada ya jingine, yakasimama kwa Asli. Asli alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu huko Bute, aliyejifungua mtoto wa kwanza miezi miwili tu iliyopita. Nafiso alikaa na jina hilo mpaka jua likagusa paa za mabati. Kisha akaichukua simu na kupiga.

"Asli, abaayo," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nilisikia umehama laini na unatafuta simu ngumu, ya bei nafuu. Bado unatafuta?"

Asli alicheka kwa furaha. Alisema amezunguka maduka yote ya Bute hakuona ya maana, na kwamba hata hivyo angemwamini dada yake kuliko duka lolote.