Wageni Waliokuwa Wakipita

“Binti, nishikie huu mfuko kidogo. Nahisi kutapika.”

Kabla Akanisi hajajibu, mfuko ulikuwa mapajani mwake na yule mama ameshakimbilia ukingo wa feri. Bahari kati ya bandari mbili za visiwani, Natovi na Nabouwalu, ilikuwa imechafuka tangu asubuhi, na abiria wengi walikuwa wamelala chini wamefunika nyuso. Mfuko ulikuwa wa ukili, mdogo, lakini mzito. Akanisi aliupapasa mara moja, akaondoa mkono haraka. Ndani mlikuwa na jino la nyangumi.

Kwao, jino la nyangumi halibebwi kwa matembezi. Hupelekwa msibani, au kuomba radhi, au kuomba mke. Na hawa watu, wazee watatu na mama mmoja, hawakuwa na sura za msibani. Walikuwa na mikeka mipya iliyofungwa vizuri na gunia la mizizi ya kava, ya kutengenezea kinywaji cha heshima, na tangu feri iondoke walikuwa wanataniana.

Mama aliporudi akijifuta mdomo, Akanisi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Pengo la jino la mbele. Kovu juu ya nyusi ya kulia. Uso ule aliujua. Miaka minne alikuwa akiuona kwenye simu ya Eroni, mpenzi wake.

Huyu alikuwa Shangazi Merewai, aliyemlea Eroni baada ya mama yake kufariki.

Akanisi alipaswa kusafiri Ijumaa. Ni mwenye duka anakofanya kazi, kule Suva, aliyemruhusu mapema baada ya kumwona ameinamia mashine ya risiti analia. Mama yake Akanisi alikuwa amefariki, na Jumamosi hiyo ukoo ungekutana kijijini kuvua nguo nyeusi na kumaliza maombolezo. Eroni mwenyewe ndiye aliyesema wangoje siku hiyo. “Maombolezo yakiisha tu, wazee wangu watafika kwa baba yako,” alimwambia, naye akaamini, kwa sababu alimwambia huku amemshika mkono mbele ya jeneza.

“Unamwomboleza nani, mwanangu?” Shangazi Merewai aliuliza, akilitazama lile gauni jeusi.

“Mama yangu.”

“Pole sana. Mama hana mbadala. Kwenu wapi?”

“Bua.”

“Basi tunashuka pamoja.” Akasogea karibu, akashusha sauti. “Sisi tuna jambo la furaha. Tunakwenda kumwombea kijana wetu mke. Eroni wangu. Nimemlea kwa mikono hii. Kufua hajui, soksi zake zinasimama zenyewe, lakini moyo anao.”

Akanisi aliinama kuficha uso. Soksi zile alizifahamu, maana kila Jumapili yeye ndiye aliyekuwa akizifua.

Hapo ndipo angeuliza jina la msichana. Lakini binti wa kwao aliyelelewa vizuri haulizi. Wazee wakiwa njiani kuja kumwomba, yeye hukaa kama hajui lolote, na kuwadodosa wageni ni kuwaaibisha wazazi wake. Hata alipoulizwa anaitwa nani, alitaja jina la ubatizo ambalo hakuna mtu analitumia, ili asiwaharibie wazee safari yao.

Akatoa simu, akamwandikia Eroni.

“Uko wapi?”

Jibu lilikuja upesi. “Nadi, kazini. Bosi yupo karibu. Msalimie baba.”

Alitabasamu peke yake. Mwongo huyu, alijisemea, anadhani sitajua kuwa wazee wake wako njiani. Akaenda nyuma ya feri palipo na mtandao mzuri, akampigia baba yake.

Mzee Peceli hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu afiwe na mkewe alikuwa ameyapunguza zaidi. Akanisi alizungukazunguka, akasema anafikiri kuna wageni, anafikiri wana mzigo wa heshima, anafikiri mikeka ingetandikwa.

“Ni wa yule kijana?”

“Ndiyo, baba.”

“Mama yako alisema watakuja,” mzee alisema. “Nitawaambia ndugu zangu. Yule nguruwe wa Jumamosi tutamchinja leo.”

Akanisi alirudi kwenye kiti chake akiwa mwepesi. Saa zote zilizobaki alimsikiliza Shangazi Merewai akiwasema wale wazee, hasa Mzee Sakiusa, msemaji wa ukoo wao, ambaye alikuwa amelala na kofia usoni. Shangazi alisema huyo ndiye angeshika jino na kusema maneno mbele ya wenyeji, na kwamba akianza kusema hata kuku hunyamaza, ila nyumbani mkewe hamruhusu kumaliza sentensi. Mzee Sakiusa, chini ya kofia, akajibu kuwa anasikia. Akanisi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu msiba.

Feri ilipofunga Nabouwalu, aliwasaidia kubeba mikeka. Alijua njia ya kijijini, si mbali na gati, naye alikuwa ameshapanga moyoni kutangulia, aingie kwa mlango wa jikoni, ajifanye hajawahi kuwaona.

“Mwanangu,” Shangazi Merewai akamwita, “wewe mwenyeji. Barabara ya Labasa imekauka? Tuliambiwa mvua imeiharibu.”

“Ya Labasa?”

“Ndiko tuendako. Msichana yuko huko, anaitwa Torika. Ni muuguzi, amepata kazi Nyuzilandi, na Eroni ataondoka naye wakishaoana. Ndiyo maana tuna haraka hivi.”

Akanisi aliweka mikeka chini. Aliiweka vizuri, pembe kwa pembe, kama mtu anayetandika kitanda.

“Shangazi,” alisema, “mimi naitwa Akanisi.”

Jina lile halikumwambia mama yule kitu. Aliendelea kumtazama kwa upole, akingoja sentensi iishe. Hapo ndipo Akanisi alipojua kwamba kwa miaka minne, kwa watu hawa, hakuwahi kuwepo.

Hakupiga kelele. Alifungua simu akampa. Shangazi Merewai aliona picha ya Eroni amelala na kichwa kwenye mapaja ya msichana huyu, nyingine wamekaa kanisani, nyingine Eroni amesimama kati ya wafiwa. Kisha akausoma ujumbe wa asubuhi ile, unaosema yuko Nadi.

“Nadi?” mama alisema polepole. “Eroni yuko hapa. Alivuka jana kututafutia gari.”

Na kweli, gari lilikuwa pale penye kibanda cha tiketi, na Eroni alikuwa anakuja kutoka huko, shati jipya, mikono imenyooshwa kumpokea shangazi yake. Alimwona Akanisi akiwa amebakiza hatua chache. Mikono ikashuka.

“Akanisi. Si ulisema Ijumaa?”

“Na wewe si ulisema Nadi?”

“Mnafahamiana?” Mzee Sakiusa aliuliza. Alikuwa amevua kofia.

Eroni alimtazama mzee, akamtazama shangazi, akatazama ule mfuko wa ukili. “Tulifahamiana Suva,” alisema. “Urafiki wa kawaida tu.”

Akanisi alimtazama Mzee Sakiusa, kisha Eroni. “Mwambie nani anafua soksi zako,” alisema.

“Tusiyafanye haya hapa, mbele za watu.”

“Mwambie shangazi ulisema nini mbele ya jeneza la mama yangu. Au na huo ulikuwa urafiki wa kawaida?”

Shangazi Merewai alikuwa amekaa juu ya gunia la kava, simu bado mkononi. “Nilikuuliza, Eroni,” alisema. “Nilikuuliza mara mbili kama kuna mtu. Ukaniapia.”

Mzee Sakiusa hakumgombeza kijana. Alimgeukia Akanisi, akamuuliza baba yake ni nani, na kama anajua lolote. Akanisi akasema ukweli: kwamba amempigia simu, kwamba mikeka imetandikwa, kwamba nguruwe yuko motoni, kwamba baba yake ameketi anawangoja wao.

Wazee wakatazamana. Barabara ya Labasa ilipita mbele ya kijiji kile kile. Hakukuwa na njia nyingine.

“Tutakwenda kwa baba yake,” Mzee Sakiusa alisema.

“Lakini mjomba, Labasa wanatungoja,” Eroni alisema. “Na jino ni moja.”

“Najua ni moja. Ingia garini.”

Safari ile ilikuwa fupi. Akanisi alikaa mbele, ameshikilia dashibodi. Jino lilikuwa moja, na maneno ya kulitoa siku ile ni ya aina mbili. Mzee angeweza kusema wamekuja kuomba. Angeweza kusema wamekuja kuzika kosa. Akanisi alijionea aibu. Baada ya yote aliyoyasikia gatini, bado alikuwa anatumaini.

Kijijini alishukia nyuma, akaingia jikoni. Wanawake wa ukoo walikuwa wanapakua magimbi na samaki wa tui, wakamrukia kwa vicheko, mmoja akamfinya shavu. Hakuwaambia kitu. Alisimama nyuma ya ukuta wa mabati uliotenga jiko na sebule, akasikia wageni wakiingia wameinama, wakiketi karibu na mlango kama inavyotakiwa. Kisha Mzee Sakiusa akaanza kusema, na kweli, hata kuku walinyamaza.

Aliisifu nyumba. Aliusifu ukoo. Akampa pole mwenye nyumba kwa kufiwa. Akanisi alifumba macho.

“Jino hili ni dogo,” mzee alisema, “na aibu yetu ni kubwa. Kijana wetu amemdanganya binti yako, nasi tulikuwa tunapita mbele ya mlango wako kwenda kuoa kwingine. Tunaomba ulipokee, kosa hili lizikwe, lisitajwe tena.”

Jikoni vicheko vilikoma. Yule aliyemfinya shavu alitazama chini.

Akanisi alimjua baba yake. Alijua kuwa wakati ule anawatazama ndugu zake waliovaa nguo zao nzuri, na Eroni aliyeinamisha kichwa, na mikeka. Angeweza kulikataa. Ilishawahi kutokea, zamani, kwa watu wengine. Kisha akasikia makofi ya viganja, ya taratibu, kutoka pembe zote za sebule, na akajua limepokelewa.

Chakula kikapelekwa. Kilikuwa chakula cha harusi, lakini hakukuwa na kingine.

Baadaye, wazee walipokuwa wakinywa kava, Eroni alikuja mlango wa jikoni. Wanawake walitoka mmoja mmoja, bila kuambiwa.

“Nisamehe,” alisema.

Akanisi alikuwa anasugua sufuria.

“Mzee wako amepokea, Akanisi. Yamekwisha. Hata mimi nimejisikia vizuri, nakwambia ukweli.” Akatazama nyuma, upande wa sebule. “Nina ombi moja tu. Usimpigie Torika. Ukimwambia, utakuwa umelifukua, na utamvunjia baba yako heshima.”

Aliacha kusugua. Hapo alimwona Eroni mzima mzima, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, wala hakuwa mtu mkubwa.

“Yamekwisha kwa waliokaa mkekani,” alisema. “Mimi nilikuwa jikoni.”

“Akanisi, usiwe hivyo.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Basi nenda.”

Akaenda. Gari liliondoka jioni kurudi gatini, maana bila jino jingine hapakuwa na la kufanya Labasa. Shangazi Merewai hakuja kuaga. Alipita tu nje ya dirisha, akaweka simu ya Akanisi juu ya kizingiti, akamshika Akanisi kidole kidogo, akaondoka.

Namba ya Torika haikuwa vigumu kuipata. Hospitali ya Labasa ina wauguzi wengi, lakini Bua na Labasa wote ni ndugu. Akanisi alikuwa ameshaiandika kwenye simu aliposikia mtu nyuma yake.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, bado amevaa shati lake la kanisani.

“Usimpigie,” alisema. Hakuwa anaamuru, alikuwa amechoka.

“Yule msichana atakwenda naye nchi za watu, baba. Hajui anaondoka na nani.”

“Nimeshalishika mkononi, mwanangu. Mbele ya ndugu zangu wote. Neno langu limetoka.”

Akanisi alitazama namba ile mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Kisha akaiweka mezani.

“Ungeniuliza kwanza,” alisema. “Nilikuwa nyuma ya ukuta. Ungemtuma mtu aniulize.”

“Ungesema nini?”

“Ningekataa.”

Mzee Peceli aliketi kwenye kigoda alichokuwa akikalia mkewe, akajishika magoti.

“Ndiyo maana sikukuuliza,” alisema.