Mkono wa Kulia wa Nassoro

Kila asubuhi Mwanahamisi alimkalisha mumewe mkekani, akamega tonge na kumtia mdomoni. Mkono wa kulia wa Nassoro ulikuwa umefungwa kifuani kwa kanga, eti upumzike. Kula kwa mkono wa kushoto? Mbele ya Bibi Fatuma, mama yake Nassoro, hilo hata halikutajwa.

Wakati wa masika Nassoro alikuwa akiteremsha gunia la karoti kutoka shambani. Njia ilikuwa na utelezi. Alianguka, kichwa kikagonga jiwe. Hospitali waliokoa maisha yake, lakini upande wote wa kulia ulilegea. Mtu aliyekuwa akipanda mlima huku anapiga mluzi, sasa alikaa kimya akitazama mlango. Inauma, wala hakuna namna nyingine ya kulisema.

Majirani walimsifu Mwanahamisi. "Unamtunza mumeo kama yai," walimwambia. Naye akazidi kumtunza.

Siku moja alikuja Salama, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Salama aliutazama mkono. "Mbona mmeufunga?"

"Tunaupumzisha mpaka upone," alisema Mwanahamisi.

"Dada, mkono haukuumia. Kilichoumia ni ubongo, ambao ndio unauamrisha mkono. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki nzima zinaweza kujifunza kazi yake. Zinajifunza kwa kufanya, tena na tena. Mkono ukikaa bure, ubongo unausahau."

"Atapona kabisa?"

"Sitakudanganya. Huenda asirudi kama zamani. Ila akijaribu kila siku, anaweza kupata zaidi ya hapa."

Salama aliifungua kanga. Akaweka mabakuli mawili, moja lina maharage. Nassoro ayahamishe kwa mkono ule ule mlegevu, akichoka apumzike, kisha aanze tena.

"Na kumlisha uache," alimwambia Mwanahamisi. "Mshike kiwiko tu. Tonge alipeleke mwenyewe."

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Tonge lilidondoka, mchuzi ukamwagika kifuani. Watoto waliinamisha macho.

"Umemchoka mwanangu," alisema Bibi Fatuma. "Sema tu."

Mwanahamisi alishika kiwiko cha mumewe huku machozi yakimtoka. Kumlisha kungekuwa rahisi zaidi, nao wote wangekula kwa amani. Lakini hakumlisha.

Vidole vilianza kwa kugusa maharage. Baadaye vikayaburuta. Hata mvua za vuli ziliponyesha, vilikuwa vinayashika. Mguu haukupata nafuu kama hiyo. Shamba la mteremkoni sasa linalimwa na mdogo wake, na Nassoro hatapanda tena kule juu. Anakaa uani, anachagua karoti za kupeleka sokoni.

Jioni moja alikula mwenyewe, tonge baada ya tonge, bila kushikwa kiwiko, mpaka sahani ikawa tupu. Bibi Fatuma alitazama, akageuka kufuta macho.

"Umeshiba, Baba Yusra?" aliuliza Mwanahamisi.

"Bado." Maneno yalitoka polepole. "Tangu nianguke sijashiba. Ulipokuwa ukinilisha, nilikuwa nasema basi, na njaa bado ninayo. Niliona aibu mbele ya watoto."

Mwanahamisi alichukua sahani, akaingia jikoni. Alilia huko peke yake. Kisha akapakua ugali mwingine, akauweka mbele ya mumewe, upande wa kulia.