Nungunungu na Goti la Kushoto

Nungunungu alisimamisha miiba yake, akasogea mpaka ubavuni kwa Fabiola, mkimbiaji chipukizi, akaanza kazi. Watu wa Arusha walimpachika jina hilo kwa kuwa lile la kiofisi, Roboti-tabibu wa Sindano, halikumkaa mtu mdomoni. Jicho lake la mawimbi ya sauti lilipenya nyama bila kuipasua, likatafuta palipokaza kwenye ule mkanda mgumu unaoshuka kutoka nyongani hadi upande wa nje wa goti. Sindano nyembamba kama unywele zikazama palepale, na paja likalegea.

Injinia Yusta Qamara, aliyemuunda, alipenda kusimama pembeni akitazama. Nani asiyependa sifa? Lakini siku hiyo hakutabasamu, maana Fabiola alikuwa amerudi tena na goti lilelile.

"Dada Yusta, nakuomba," Fabiola alisema, machozi yakimlenga. "Jumapili wanachagua timu ya taifa. Mwambie azime maumivu yote. Nikishamaliza mbio, goti litajijua."

"Litajijua? Kwani ni goti la jirani?"

Fabiola akacheka huku analia. Yusta alijua kwamba Nungunungu angeweza kuifunga neva kabisa, mtu akakimbia goti likisagika asihisi lolote. Urahisi wa jambo hilo ulimtisha. Akamgeukia roboti.

"Nungu, wakimbiaji wa kundi la kina Fabiola wanaumwa wapi?"

"Goti la kushoto, upande wa nje. Wageni wote kundini. Wakongwe hapana."

"Na mbona umenyamaza siku zote?"

"Hukuniuliza. Uliniunda nitibu, nami natibu."

Yusta aliona haya. Hakuizima neva, na Fabiola akatoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Yusta aliwafuata wakimbiaji kwa baiskeli kwenye barabara ya Ngaramtoni. Magari yalishahamia njia za angani zamani, na lami yote ilikuwa ya waenda kwa miguu. Ajabu ni kwamba kundi zima lilijibana kushoto, kana kwamba malori bado yanapita! Nahodha Restituta na wakongwe walishika mgongo wa barabara, palipo tambarare. Wageni walikimbia ukingoni, kwenye ule mteremko uliowekwa ili maji ya mvua yatiririke. Kwenda ukingoni, kurudi ukingoni, mguu wa kushoto daima chini ya mwenzake. Fabiola alikuwa wa mwisho kabisa, akichechemea.

"Ndiyo heshima yetu," Restituta alisema alipoulizwa. "Mkubwa hukaa katikati. Hata mimi nilianzia ukingoni."

"Goti lako lilisemaje?"

"Liliniweka nje mwaka mzima. Veneranda, rafiki yangu, hakurudi tena. Tulimwita mvivu, dada. Tulimcheka."

Jumapili Fabiola alikaa jukwaani akiwatazama wenzake, na moyo ulimuuma kuliko goti. Lakini Jumatatu, kundi lilipopanga safu, Restituta alimshika bega.

"Ingia kati, mdogo wangu. Ukingo leo ni wangu, kesho wa mwingine."

Nungunungu aliendelea kumlegeza Fabiola paja, na safari hii dawa ilikaa, kwa sababu barabara haikuwa ikiiharibu kila asubuhi. Masika yalipoisha kulikuwa na mchujo wa pili. Fabiola alishika nafasi ya tatu, akaingia timu ya taifa, akampigia Yusta simu akipiga vigelegele hata maneno hayakusikika.

Wagonjwa wa goti wakapungua kliniki. Kisha mchana mmoja Restituta aliingia akiwa amemshika mkono mwanamke mnene aliyetembea kwa kuuburuza mguu. Alikuwa Veneranda.

Yusta aliwakaribisha, akamlaza Veneranda kitandani. Nungunungu alisogea, lakini hakutoa hata mwiba mmoja. Aliuliza kwanza, kama Yusta alivyomfundisha:

"Pole, dada. Ulikuwa ukikimbia upande gani wa barabara?"

Veneranda akaangua kilio. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumuuliza.