Marehemu wa Kilima cha Bibi Kizee

"Dada, naruhusiwa kuweka maua hapa?"

Dervla Gaffney, mwongoza wageni wa Kilima cha Bibi Kizee kule Ireland, aligeuza tochi. Mgeni wake wa kwanza siku ile, msichana wa koti jekundu, nywele zimelowa mvua, alikuwa amepiga magoti katika chumba cha ndani kabisa cha kaburi la kale, mbele ya jiwe kubwa lililochongwa majua na mistari ya mawimbi. Mkononi alikuwa na kishada cha maua ya manjano.

"Weka tu chini, ila usiliguse jiwe. Unamkumbuka nani?"

"Mchumba wa kwanza wa mchumba wangu. Alifariki. Mchumba wangu ananiambia marehemu alikipenda sana kilima hiki, nikasema nije nimwombe ruhusa kabla ya harusi. Najua utaniona kichaa."

"Sikuoni kichaa, mpenzi. Alikuwa mtu wa huku?"

"Wa hapo chini, Oldcastle. Labda ulimfahamu. Aliitwa Dervla."

Dervla alimmulika usoni.

"Dervla nani?"

"Dervla Gaffney. Maskini, kansa. Alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ultan wangu."

Dervla aliegemea ukuta wa mawe. Ultan! Ultan Geraghty alikuwa maiti wake yeye! Wiki tatu kabla ya harusi yao, gauni likiwa limeshashonwa, ulimwingia ujumbe ambao mpaka leo anaujua kwa moyo:

"Dervla wangu, madaktari wamesema kansa imeshasambaa. Naenda Ujerumani, lakini tumaini hakuna. Usinitafute. Nataka unikumbuke nikiwa mzima. Na mama usimwambie, moyo wake ni dhaifu. Nakupenda hadi kaburini."

Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Dervla alilia mpaka macho yakawa kama nyanya. Kila Novemba jina la Ultan lilisomwa kanisani pamoja na marehemu wengine. Wanaume wawili wenye heshima zao walibisha hodi, akawajibu kwamba yeye ana mfu wake. Miaka minne amekaa mjane wa mtu ambaye hakuwahi kumuoa.

"Na huyo Ultan wako yuko wapi?" aliuliza.

"Anakuja. Nilimdanganya kwamba tunakwenda kula chakula cha mchana kwa rafiki. Alipokiona kilima akabadilika rangi, mpaka nikamwonea huruma. Bado anampenda yule marehemu, unajua. Mimi naitwa Orna, sijui wewe?"

"Jina langu utalijua sasa hivi, Orna. Mwite aingie."

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini moyo wake ulikuwa umeshawaka, na moyo uliowaka hautaki kusema, unataka kuona. Alivuta kofia ya koti mpaka puani, akazima tochi.

"Ultan! Ingia bwana, kuna mwenyeji wetu humu!"

Sauti ilijibu kutoka mlangoni, na Dervla aliijua kama anavyojua hatua za mama yake.

"Orna, tuondoke. Mvua inazidi. Haya mawe yana nini cha kutazama?"

"Dakika mbili tu, kwa ajili ya Dervla!"

Alikuja ameinama, maana njia ya kaburi lile haimruhusu mtu mzima kusimama, anapumua kama ng'ombe anayepandishwa mlima. Akafika chumba cha ndani, akasimama gizani kati ya wanawake wawili.

"Karibu," alisema Dervla kwa sauti ya chini. "Kabla sijawaonyesha michoro, tuwaombee wafu kwanza. Orna, sisi tumwombee nani?"

"Dervla Gaffney, Mungu amlaze pema."

"Amina. Na mimi nina wangu. Tumwombee Ultan Geraghty."

Orna alicheka kidogo, cheko la mtu asiyeelewa.

"Dada, huyo si marehemu. Ndiye huyu."

Tochi ikawaka. Dervla aliuelekeza mwanga usoni mwake mwenyewe, akavua kofia.

"Yesu na Maria!" Ultan alirudi nyuma, akajigonga kichwa kwenye jiwe, akaanguka makalio chini.

"Umeniona, Ultan? Kwa maiti kama mimi, si nimependeza?"

"Ultan, huyu ni nani?" aliuliza Orna.

"Si... simjui."

"Hunijui!" Dervla alisogeza mwanga machoni pake. "Orna, mimi ndiye Dervla Gaffney. Sijawahi kuugua kansa hata siku moja. Mwenye kansa alikuwa yeye. Aliniaga kwa simu kwamba anakwenda kufa Ujerumani."

Orna alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Tutoke nje, mpenzi. Humu hewa imeshachafuka."

Ultan alipopata nguvu za kutambaa mpaka mlangoni, wanawake walikuwa nje, geti la nondo limefungwa, na Dervla ana ufunguo mfukoni.

"Dervla, fungua! Utani gani huu?"

"Wafu hawafunguliwi milango, kaka."

"Orna, mwambie afungue! Huyu mwanamke ana wazimu. Aliniacha mwenyewe, akakimbia na mwanajeshi!"

Orna aligeuka polepole.

"Na mwanajeshi tena? Si ulisema alifia mapajani mwako?"

Kondoo walikohoa mteremkoni. Orna alitoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Mama yake Ultan, kule mbali kaunti ya Mayo, alipokea kwa furaha.

"Orna, mwanangu! Keki ya harusi nimeshaipata!"

"Mama, samahani. Ultan aliwahi kuugua kansa?"

"Kansa? Huyo? Mtoto ambaye hata mafua yanamkimbia? Nani amekwambia upuuzi huo?"

"Na Dervla, alikufa lini?"

"Alikufa? Mungu apishe mbali! Alimtoroka mwanangu na mwanajeshi, akamwacha analia. Mimi nilivunja na sahani alizoniletea zawadi. Kwani vipi?"

"Mama," Dervla alisogelea simu, "ni mimi, Dervla. Sikumtoroka mtu. Sikukupigia kwa sababu aliniambia moyo wako ni dhaifu, ukisikia anakufa utaanguka."

Yule mama akasema, kila neno peke yake:

"Huyo mbwa yuko wapi?"

"Nimemfungia kaburini."

"Muache humo humo." Simu ikakatwa.

Ultan alishika nondo kwa mikono miwili. Nundu ilikuwa imeanza kuvimba utosini.

"Dervla, nisikilize. Nilikutana na Orna, nikapenda. Ningekwambiaje, gauni limeshashonwa, mji mzima unajua? Niliona kufa ni rahisi. Na Orna aliponiuliza kama nina mtu, nikasema amekufa. Sikutaka kumuumiza mtu."

"Ungeniambia hunitaki," alisema Dervla, "ningekutukana, ningelia, ningepona. Mtu aliyeachwa hupona, Ultan. Wewe ulinifunga na kaburi. Nilikuwa nazungumza na wewe usiku, pumbavu wewe, nakuomba uniombee huko uliko!"

Orna alivua pete, akaipitisha katikati ya nondo.

"Mimi nilitaka mtoto wetu wa kwanza tumwite Dervla," alisema. "Nililia kwa ajili yake kuliko nilivyomlilia nyanya yangu. Nipe ufunguo wa gari."

"Orna, mpenzi..."

"Gari ni la baba yangu. Lete!"

Akaupokea. Akamkumbatia Dervla kwa nguvu, akateremka kilima bila kugeuka, koti jekundu likapotelea kwenye ukungu.

Mwingine angetosheka hapo. Dervla hakutosheka. Alipiga simu kwa Shangazi Concepta, kiongozi wa akina mama wa rozari pale Oldcastle.

"Shangazi, mko wapi?"

"Parokiani, tunakunywa chai. Vipi?"

"Njooni kilimani nyote. Marehemu Ultan amefufuka."

"Umelewa?"

"Njoo umguse."

Walikuja, akina mama saba, mabuti ya mpira yamejaa tope, miamvuli imepinduliwa na upepo. Dervla alifungua geti. Kwa kuwa jiwe la mlangoni ni la chini, Ultan alitoka ameinama mbele yao mpaka kiunoni, na alipoinua uso alikutana na pua ya Shangazi Concepta.

"Ultan Geraghty! Mimi nimekusalia novena tatu, siku tisa kila moja!"

"Shangazi, nisamehe..."

"Nimesali na magoti mabovu! Baridi ya Novemba!" Mwamvuli ukamtua begani. "Ulikuwa unakula nyama ya kondoo huko ulikojificha, mimi nakutoa kwenye moto wa toharani!"

"Mnipishe niondoke."

"Nani amekuzuia? Tangulia. Marehemu hutangulia."

Alitangulia kweli, maana gari halikuwapo na njia ni moja. Akina mama wakapanga mstari nyuma yake, Shangazi akatoa rozari, akaanza kwa sauti ya kanisani, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," na wote wakaitikia. Ultan akiongeza mwendo, nao wanaongeza. Akipunguza, wanapunguza. Barabarani magari yalisimama na kuzima injini, kama ilivyo heshima ya huko kwa msiba. Ultan aliziba uso kwa kola ya koti.

Packie, mkulima wa jirani, alisimamisha trekta, akavua kofia na kuibana kifuani.

"Pole, Dervla," alinong'ona. "Nani amekufa?"

"Ultan Geraghty."

"Mungu amrehemu. Mchumba wako? Nilidhani alikufa zamani."

"Zamani, Packie. Tulichelewa kumzika tu."

"Na huyu kijana aliye mbele peke yake, ndugu yake?"

Dervla alitazama mgongo ule uliolowa ukishuka kuelekea mjini, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne hakuona cha kumlilia.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Akaungana na wenzake kuitikia.